Jani la isale na kompyuta za wanangu

Admini naomba unifiche kabisa, watoto wangu wote wawili wanausoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, naishi huku mlimani juu ya Moshi na ng'ombe wangu. Shule niliishia la nne, mnivumilie.

Kijana wangu anauza kompyuta mjini. Mdogo wake wa kike yuko chuo kimoja hapohapo Moshi, ndiye anayezipima kabla chuo hakijanunua. Kompyuta ya kaka ilishindanishwa na ya muuzaji mwingine, kazi ileile, ikaiacha ile nyingine mbali. Tukafurahi. Kumbe kazi hiyo hupitia kwanza programu inayoigeuza iwe lugha ambayo ubongo wa kompyuta unaielewa, na kaka mtu alileta programu ya haohao waliotengeneza ule ubongo, inayoupa kasi ubongo wao, huku ya mwenzake ikipimwa kwa programu ya kawaida. Binti akarudia kwa programu moja ya bure, ile wanafunzi wanayotumia, kwa kompyuta zote mbili. Ya kaka ikabaki nyuma.

Jumapili wakagombana hapa jikoni mpaka ndizi zikapoa.

"Kaka, ng'ombe wako umemlisha mashudu, wa mwenzio migomba mitupu, halafu useme wako ndiye mbegu bora?"

"Wangu anakuja na mashudu yake! Anayenunua anapewa vyote, udanganyifu uko wapi?"

"Basi naandika vipimo vyote viwili, chuo kichague."

"Andika. Halafu uje unilelee watoto."

Kaka mtu akaondoka bila kuaga. Juzi kanipigia analia, mtu mzima na ndevu zake. Bosi kamwambia mauzo haya yakipotea asirudi kazini, na mkewe ni mjamzito. "Mama, mpelekee mdogo wangu isale. Aandike kile kipimo cha kwanza tu."

Kwa wasio Wachagga, isale ni jani letu la kuombea msamaha. Ukiletewa hukatai, hata kama damu ilimwagika. Binti yangu namjua, atalipokea kwa mikono miwili, ataandika nusu, na hatanilaumu kamwe. Hicho ndicho kinachoniumiza. Kaka yake haombi msamaha, anataka anyamaziwe.

Jani nimelikata asubuhi, nimelifunga fundo, liko kwenye beseni la maji. Kesho binti anapeleka majibu chuoni. Jioni hii anapita kuchukua maziwa.

Jamani wazazi wenzangu, akifika akaniambia "Shikamoo mama", nimpe maziwa peke yake, au na jani?