Tawi la Parachichi la Marehemu Mke Wangu

Nichekeni tu, nimestahili. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nyumba yangu hapa Nanyala nimeijenga kwa kahawa yangu mwenyewe. Nani anifundishe shamba?

Mparachichi aliopanda marehemu mke wangu ulipoanza kukauka, nilikata kitawi chake nikakibebesha juu ya mche wa parachichi la kienyeji ili kiote hapo, nikafunga kiungo kwa nailoni. Yakatoka machipukizi mawili. La juu lilikuwa dhaifu, nikalikata nikawapa mbuzi. La chini nikalitunza mwaka mzima. Mti wa marehemu wenyewe ukafa.

Jumapili nikawaita majirani waone.

"Bwana shamba bila cheti!" wakanisifu.

Binti yangu akainama, akashika shina.

"Baba, hili limeota chini ya nailoni. Ni la kienyeji. La mama liko wapi?"