Shore wa Mguu Uliopinda

Pale hospitalini karibu kila mtu alimwita Zuia Pumzi, maana ndiyo maneno yaliyomtoka kutwa nzima ndani ya chumba cha eksirei. Vuta pumzi, zuia pumzi, haya, pumua. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Ufa wa mfupa, hata uwe mwembamba kama unywele, haukumpita.

Jioni, akishavua lile vazi zito la risasi la kukingia mionzi, alirudi nyumbani na kushika kamera yake nyingine, ya ndege. Mkewe alikuwa ameweka beseni la maji uani, karibu na kamba ya nguo, na ndege wakapazoea. Zuia Pumzi akakaa kwenye kigoda nyuma ya mlango wa jiko, kimya kama paka.

"Watu unawaambia wazuie pumzi," mkewe alimtania. "Ndege nao unawaambiaje?"

"Kwa ndege nazuia mimi."

Kati ya wote, alimpenda shore mmoja, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umewahi kuvunjika, ukajiunga wenyewe kombokombo, na pale palipounga pakaota kinundu. Alimpa jina: Mgonjwa Wangu.

Basi binti yao wa pekee akajifungua mtoto wa kiume. Aliishi mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na mumewe alikuwa fundi wa minara ya simu, leo yuko huku, kesho kule. Wazee wakafunga mizigo, wakaenda. Mama mtu alipofika tu alijitwika shughuli zote, akapika, akafua, akamwogesha mtoto. Baba mtu hakujua aweke wapi mikono yake. Alimpakata mjukuu kidogo, akamrudisha, akatoka uani na kamera.

Hapo ndipo akili ilipomruka. Juu ya ukuta mfupi uliopita mbele ya dirisha la chumba alitua shore. Mguu wa kushoto umepinda. Kinundu kipo.

Alipiga picha hadi ndege akaruka, kisha akaingia ndani mbio na kumwonyesha mkewe kioo cha kamera.

"Mgonjwa wako kakufuata," mkewe alisema huku akikunja nepi.

"Shore hasafiri. Hukaa palepale alipozaliwa."

"Basi si yeye."

"Mifupa miwili haiungi kwa namna moja. Nimeangalia mifupa maisha yangu yote. Huyu ni yeye."

"Sasa ni yeye au si yeye?"

Akachukua kamera, akatoka tena. Siku zote walizokaa pale alishinda uani. Binti yake alipita nyuma yake mara nyingi, akaulizwa hali, akajibu, "Mzima, Baba," naye baba akarudi kwenye ukuta wake. Ndege hakuonekana tena.

Waliporudi nyumbani, hata begi hakulifungua. Alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda. Alijiambia kuwa Mgonjwa Wangu akiwepo, basi ni ndege wawili. Asipokuwepo, ni mmoja. Hakuwepo. Kesho yake pia hakuwepo. Zuia Pumzi akampigia binti yake simu.

"Yupo huko?"

"Nani, Baba?"

"Shore wa mguu uliopinda."

"Sijatoka nje leo."

Akapiga tena siku iliyofuata. "Sijatoka, Baba." Na iliyofuata. Hakuelewa mtu anawezaje kukaa na dirisha la kuangalia uani asiangalie hata mara moja. Mara ya mwisho binti aliuliza kwa sauti ya chini, "Baba, Mama aliponizaa alikuwa analia bila sababu?"

Kwani swali la ndege limefikaje huku? Zuia Pumzi akampa mkewe simu. Mkewe akasikiliza, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Naye, kwa kukosa la kufanya, akawasha kamera na kuziangalia picha za safari. Mara zote zilizopita alikuwa akizikuza pale kwenye mguu tu. Mara hii aliacha picha nzima ilivyo. Nyuma ya ndege palikuwa na dirisha, na dirishani alikaa binti yake. Picha ya pili, yupo. Ya tatu, yupo vilevile, nywele hazijachanwa, mtoto analia mapajani, macho yake hayaangalii popote. Alizipitia zote. Ndege alikuwa ameinama, amegeuka, ameruka. Binti hakuwa amesogea.

Mkewe alipotoka chumbani alimkuta bado amesimama.

"Nilimpiga picha," alisema. "Nimempiga picha zote hizi, na sikumwona."

"Hata mimi sikumwona," mkewe alisema. "Nilikuwa nafua. Funga mizigo."

Walirudi kule. Mama mtu akampeleka binti kwa daktari. Wakaambiwa hali hiyo ya huzuni baada ya kujifungua huwapata wazazi wengi, ina dawa, na zaidi inataka mtu asiachwe peke yake. Mkwe akaomba ruhusa kazini, akapewa. Zuia Pumzi alipewa mtoto. Alimbeba begani akizunguka naye uani, kamera imebaki ndani ya begi, asijue kama anafanya sawa au anakosea, maana mtoto alilia akibebwa na alilia akilazwa.

Ahueni ilikuja polepole, kwa hatua za kinyonga. Siku moja binti alitoka nje mwenyewe, akakaa kizingitini akiota jua.

"Yule ndege wako," alisema. "Nilimwona jana ukutani. Mguu wa kulia umepinda."

"Wa kushoto."

"Wa kulia, Baba. Nilimwangalia vizuri."

"Haiwezekani. Yule ni wa kushoto, na wa nyumbani ni wa kushoto."

"Basi huyu ni wa tatu."

Baba mtu aliuangalia ukuta, akamwangalia binti yake, akajaribu kupanga hesabu ya ndege kichwani, ikamchanganya zaidi. Labda ni watatu. Labda binti anakosea kushoto na kulia, kama alivyokuwa utotoni. Labda yeye mwenyewe, na mifupa yake yote, hajui kitu.

"Sielewi," alisema.

Binti akacheka, kicheko kidogo cha puani. Mama yake, aliyekuwa jikoni, aliacha kuosha vyombo ili akisikie vizuri.