Ganda la fromaji ku ukuta wa Papa Sébastien

"Mama Francine," dada Uwizeye aliniuliza siku moja tukitoka misa, "huyu jirani yako Papa Sébastien iko mugonjwa, ao shirika letu la sala limuombee tu?"

Alikuwa amemukuta nyuma ya kanisa, amechuchumaa, anapiga picha mahali chokaa imebanduka ukutani. Hakuna muntu pale, hata kuku. Nikamujibu kwamba maombi hayaharibu kitu, lakini ugonjwa mimi sikuuona. Papa Sébastien Hakorimana anatengeneza fromaji hapa kwetu Masisi tangu ujana, na telefone yake imejaa vitu vile: matope yaliyopasuka, povu ya sabuni. Ukimuuliza ni nini, anakuambia uangalie kwanza.

Picha moja aliipeleka Goma, wakaitoa kubwa, akaitundika mu saloni karibu na picha ya Moyo Mutakatifu wa Yesu. Ni ganda la fromaji iliyokaa sana, njano na majivu, na mistari ya ukungu. Mama Pétronille, muke wake, akavumilia, mpaka wakwe wa binti yao Mamy walipotangaza wanakuja kutoka Mpofi kusema mambo ya ndoa. Njo Pétronille akataka itoke. Watasema Mamy anatoka mu nyumba ya wazimu, na ndoa itakufa. Bwana akakataa. Waliniita nipatanishe, nikapendekeza tuifunike na kitambaa. Akakataa hiyo pia, kwa upole, kama muntu anayekataa chumvi.

Wakwe wakafika. Papa Luc, baba ya kijana, akaiangalia ile picha weee, akazania ni mashamba yaliyopigwa kutoka juu, akasifu: sisi watu wa pori hatuna mashamba ya kuonekana hivi, kilima chote ni chenu? Pétronille ni mukristu, hakusema uongo. Aliinama tu kupanga sahani. Mimi nikashika rozari mu mufuko.

"Hapana, Papa Luc," Sébastien akasema. "Ni ganda la fromaji. Ile munayokula."

Mamy akasimama mulangoni na chai yake. Papa Luc akaangalia sahani, akaangalia ukuta, akarudi ku sahani. Kisha akasema polepole kwamba jikoni kwake kuna bati ya zamani, kutu imeichora vile vile, na kila asubuhi anaiangalia. Alifikiri ni uzee.

Kutoka pale mazungumuzo ikateremuka kama maji. Ng'ombe zikakubaliwa, na kitenge ya mama. Wakafika ku koti, ile baba ya binti anapewa mu mahari. Papa Sébastien akasema koti anayo.

"Mimi muniletee ile bati. Tafazali, musiisugue."