Seli za Mama Muuza Mchele

Kwa miezi mingi seli zilikuwa zikinifia njiani. Kazi yangu ni kuchunguza kinga ya mwili ndani ya utumbo. Nachukua kinyama kidogo cha utumbo wa mgonjwa, nakitenganisha mpaka seli zibaki moja moja, kisha nasoma katika kila seli jeni zipi zinafanya kazi na zipi zimelala. Seli iliyokufa hainiambii kitu. Vinyama vilitolewa hospitalini Kahama, maabara yetu ilikuwa Mwanza, na hata kwenye barafu vilifika vimeharibika.

Mkuu wangu alitaka tuachane na Kahama, tuchukue wagonjwa wa mjini tu. Mimi nimezaliwa Ibadakuli, mkoa huohuo wa Kahama. Wachimbaji na wafugaji wa huku ndio niliotaka kuwaelewa.

"Basi niruhusu nihamishie vifaa kule," nikamwomba. Akakubali shingo upande.

Hospitali ikatupatia chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa mama muuza mchele, aliyesumbuliwa na tumbo kwa miaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hicho mnachokata kitaniponya?"

"Hapana, mama. Dawa atakupa daktari wako akishaona kipimo. Changu ni cha kujifunza jinsi seli zako zinavyofanya kazi, labda kitasaidia wengine baadaye. Ukikataa, utatibiwa vilevile."

"Kata. Ila na mimi nizione."

Asubuhi hiyohiyo, alipoamka vizuri kutoka kwenye dawa ya usingizi, nikamkalisha mbele ya hadubini. Nilikuwa nimetia rangi ya bluu, ambayo huingia kwenye seli zilizokufa tu.

"Naona vitu vinang'aa," akasema. "Vya bluu ni vichache."

"Vinavyong'aa ndivyo vilivyo hai."

"Vyote hivi vyangu?"

"Vyako, mama."

Akacheka, akainama tena, akaziamkia seli zake kwa Kisukuma kama anavyoamkia majirani: "Mwangaluka!" Nikageukia ukutani, nikajifuta macho.

Majibu ya jeni yalipotoka, yalisomeka vizuri, na kundi moja la seli za kinga lilionekana limechachamaa. Bado tunatafuta sababu. Mama mwenyewe, daktari alimkuta na vidonda kwenye utumbo mpana, akamwanzishia dawa.

Siku ya kliniki alikuja amenawiri, amemshika mkono mwenzake wa sokoni.

"Huyu naye tumbo halimpi raha," akaniambia. "Mweleze kama ulivyonieleza mimi, usimfiche kitu."

Nikamvutia mgeni kiti.