Vichupa Vilivyotia Ukungu

Binti yangu wa pili ndiye aliyenipatia jino hili la chini, upande wa kushoto. La asili lilinitoka zamani, nikawa nacheka nimefunika mdomo. Alipoajiriwa kwenye maabara inayopima meno ya kupandikiza, alimwomba bosi wake, nami nikatiwa la kampuni ileile wanayoipimia. Nilipita mtaani nikicheka hata pasipo na cha kuchekesha.

Kazi yake alinieleza tukimenya viazi. Jino hilo ni vipande viwili: skrubu inayozama kwenye taya, na kichwa kinachokazwa juu yake. Yeye hudondosha bakteria ndani ya skrubu, hukaza kichwa, kisha huitumbukiza kwenye kichupa cha supu safi, chakula cha bakteria, na kukilaza ndani ya kabati lenye joto la mwili. Supu ikibaki angavu, kiungo kimeziba. Ikitia ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, bakteria wamepenya. Wenzake wakambandika jina la Mama Vichupa. Mawifi zake, wanaomuuliza mimba kila wakimwona, wakalidaka. Wakasema angalau naye ana vya kulea. Alicheka nao. Mimi sikucheka.

Tangu mdogo ana usafi wa kuudhi: kikombe anakiosha kabla ya kunywa na baada ya kunywa. Lakini aliporudi jioni moja akapitiliza sinkini kusugua vidole kwa brashi, nilijua kuna jambo.

Vichupa vya kampuni ile vilikuwa vimetia ukungu. Bosi akadai binti yangu amemwaga tone la bakteria nje ya skrubu, akamwamuru arudie. Safari hii, kila skrubu aliyoikaza aliichovya kwanza kwenye kichupa kingine na kuitoa papo hapo, ili tone la nje, kama lipo, lionekane huko. Vichupa vya kuchovyea vikabaki angavu. Vile alivyolazia skrubu vikachafuka tena. Bosi alivitazama vyote, kisha akamwambia aandike kwamba mikono yake ilikuwa michafu, la sivyo akatafute kazi kwingine.

Akaandika. Mumewe hana kazi. Nyumba nzima inamtazama yeye, nami nimo.

Yote hayo aliyasema amenipa mgongo. Nilimlaani yule bosi mpaka sauti ikakauka. Kisha ulimi wangu ukaenda wenyewe kwenye jino. Kwa muda nilikuwa nikiamka na ladha mbaya upande ule, nikalisingizia birika.

"Na hili langu, mwanangu?"

Akafungua bomba, akaosha bakuli lililokuwa safi.

"Mama, tafunia upande wa kulia."

"Si umeandika kwamba halina kasoro?"

"Nimeandika kuhusu mikono yangu, mama. Jino sikuligusia."

Nilikuwa na la kumjibu, kali. Lakini mezani kulikuwa na mkate alioleta yeye, kama kila jioni. Nikaukata, nikaketi, nikatafunia upande wa kulia.