Goti ya bawaba: nilibeba kigoda cha kukamulia mpaka Upper Hill

Wakuu, hamjambo. Nyinyi wa "sasa" na "niaje" pia nawasalimu, lakini mimi ni nyanya ya watu, mnijibu vizuri.

Haya ninayosema yalinipata kwa mguu wangu mwenyewe. Asiyeamini apite.

Goti yangu ya kulia ilibadilishwa miaka ya nyuma. Ilinifanyia kazi, sina neno. Halafu chuma ikaanza kulegea ndani. Nikikanyaga, mguu unaenda kando kama wa meza mbovu.

Siku moja nikaanguka na ndoo, maziwa yote ikaenda kwa paka. Paka hakusikitika.

Mimi nakaa Uthiru, kwangu, na ng'ombe mmoja. Binti yangu Wanjiku anakaa Lavington nyuma ya ukuta mrefu. Akasema basi Mum, ng'ombe auzwe, uhamie kwangu. Chumba iko tayari, na kengele ya kuita msichana wa kazi.

Kengele! Mimi nipige kengele ndio niletewe chai!

Tukakubaliana hivi: nikitengenezwa niweze kukamua, nabaki Uthiru. Nikishindwa, nahama bila kelele.

Daktari alikuwa huko Upper Hill, kwa mahospitali ya Nairobi, kijana mpole. Akaangalia X-ray akasema hii ni revision ngumu, yaani kutoa goti ya zamani na kuweka ingine. Kano za kushika goti huku na huku zimeisha, na mfupa umelika. Goti ya kawaida haitasimama. Inatakikana ile ya bawaba.

Yaani chuma ya paja na chuma ya chini zimeshikanishwa na pini, kama mlango. Kila moja ina chuma ndefu kama kijiti inaingia ndani ya mfupa. Haiyumbi kando. Ni kukunja na kunyoosha tu.

Akanipa moja ya mfano. Nikafungua, nikafunga.

"Hii inataka mafuta?"

"Inataka adabu, shosho. Ukiitesa italegea tena. Na ikiingia infection, hiyo ni vita."

Nikampenda hapo. Hakunipaka sukari.

Sasa hapa ndipo watu wetu hukosea. Daktari akiuliza unataka goti ya kufanya nini, sisi hujibu "kutembea tu, daktari." Eti ni heshima.

Mimi nilikuwa nimebeba kigoda changu cha kukamulia ndani ya gunia. Nikakitoa, nikakiweka kwa carpet. Wanjiku, ndiye alinipeleka, akaangalia dirisha kama hanijui.

"Keti hapo, daktari. Nataka goti ya kuketi hapo."

Akaketi na tai yake, magoti yakamfika kifuani.

"Shosho, sitakudanganya. Haitakunja hivi. Kiti ya kawaida, ndiyo. Hiki, hapana."

Wanjiku akageuka mbio. "Umesikia, Mum?"

"Nimesikia ya goti. Ya ng'ombe bado."

Nikapasuliwa. Maumivu siwafichi, yalikuwa mengi. Yule wa physio, wa kufanyisha mguu mazoezi, alipokuwa akinikunja nilimtukana kwa Kikuyu, kumbe ni mtu wa Kikuyu, anasikia yote. Akanikunja zaidi.

Nikarudi Uthiru, na nilipopata nguvu nikaweka kiti ya jikoni kando ya ng'ombe. Goti ikakubali. Lakini sasa mimi niko juu, chuchu ziko chini. Nikiinama, mgongo unalia.

Wanjiku alikuwa amesimama hapo na viatu vya ofisi.

Nikaona nimeenda Lavington hivyo.

Lakini nikamwangalia yule ng'ombe. Miguu yake mizima yote. Kwa nini mimi ndiye nishuke?

Nikaita fundi wa mawe. Nikamwambia anijengee jukwaa ya simiti, na mteremko, ng'ombe apande.

"Kwani ng'ombe ni mgonjwa, mathe?"

"Ng'ombe ni mzima. Mwenye chuma ni mimi. Koroga simiti."

Ilipokauka nikamwita Wanjiku aje aone. Ng'ombe akapanda akinusa kila mahali kama mnunuzi wa nyumba. Nikaketi, mguu mbele, chuchu zikawa hapa hapa mbele ya mkono. Maziwa ikaanza kupiga ndoo.

Wanjiku akasimama mpaka nikamaliza. Akasema, "Haya Mum. Unaweza kuniwekea maziwa ya kubeba?"

Nikamwekea.

Funzo ni hili: mwambie daktari kazi yako, si maumivu peke yake. Na akisema goti haifiki mahali, usigombane naye. Angalia ni nini kingine kinaweza kusonga.

Mwenye goti kama hii aseme hapa inamkunjia mpaka wapi, na anafanya nayo kazi gani. Wauzaji wa dawa ya miti, msinijibu.