Gari la Chaki

Gari lilikuwa limechorwa kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, nyuma ya karakana ya kushona viti vya magari, na watu wanne walikuwa wamepiga magoti kulizunguka, wakifungua nati zisizokuwepo. Hakuna aliyezungumza. Mikono ilizunguka hewani, ikavuta, ikainua kitu kizito ambacho hakikuwepo, ikakishusha taratibu kisimponde mtu vidole. Ungepita ng'ambo ya ukuta ukachungulia, ungedhani umeingia kwenye ndoto ya mtu bila kubisha hodi.

Mwenye ndoto alisimama pembeni, mikono nyuma, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Walimwita Turubai. Jina hilo alilipata zamani, siku alipopeleka kwenye mashindano ya rali turubai aliloshona mwenyewe, lile linalotandikwa chini ya gari ili mafuta yasimwagike ardhini. Alitakiwa alitandike aende zake. Badala yake akasimama kuwatazama kaka yake na mafundi wenzake wakigongana vichwa, mmoja akihangaika kutafuta spana aliyokuwa ameikalia. Gari likaondoka limechelewa. Turubai, ambaye mpaka leo hajui kuendesha hata toroli, akamfuata mwenye gari.

"Hawa kazi wanaijua," alimwambia. "Wasichojua ni nani asimame wapi."

Mwenye gari alikuwa daktari wa meno aliyekuwa akikimbiza gari siku za mapumziko, mtu aliyezoea kuona kila chombo mahali pake kwenye sinia. Msimu uliofuata, kundi zima la mafundi likawa chini ya yule mshona viti.

Rali hukimbiwa kwa vipande, kwenye barabara za vumbi na matope, na kati ya kipande na kipande gari huingia kituoni. Hapo mafundi hupewa muda mfupi wa kulishika: kubadili magurudumu, kunyoosha kilichopinda, kukaza kilicholegea. Muda ukiisha gari likiwa bado juu ya jeki, dereva anaongezewa adhabu, na mafundi wanabaki wakitazamana.

Kwa kuwa gari lenyewe lilikuwa likilala kwa Daktari, Turubai alilichora uani na kuwafundisha watu wake kwenye mchoro. Kila mmoja alipewa gurudumu lake, na magurudumu yakapata majina ya vitu vilivyokuwa karibu. La mbele kushoto liliitwa bomba, kwa sababu ya bomba la maji. Hilo lilikuwa la kaka yake. La mbele kulia liliitwa ngazi, na alilishika mchomeleaji mmoja mwenye maneno mengi aliyeitwa Cheche. Ya nyuma yalikuwa lango na ukuta, nayo yalishikwa na mapacha wauza matairi, Pacha Mkubwa na Pacha Mdogo, ambao hadi leo wanagombana nani kati yao ni mkubwa.

Yeye mwenyewe hakugusa gari. Si spana, si jeki, si hata kitambaa cha kufutia kioo. Cheche alipomtania kwamba bosi anaogopa kuchafua kucha, alijibu bila kugeuka, "Nikiinama nitaona nati. Gari ataliona nani?"

Alipenda zaidi mazoezi ya uani kuliko rali. Mchana, jua likiwa limesimama juu ya mabati na cherehani ikinguruma chini ya mikono yake, aliweza kuliona lile gari bila kufumba macho: linaingia pole, linapumua, linainuka, magurudumu yanatoka na kuingia kama meno ya mtoto, na linaondoka bila kuacha hata tone. Aliweza kushona kiti kizima akiwa huko, na mshono ukatoka umenyooka. Cherehani hiyo kaka yake aliifufua kutoka kwenye vyuma chakavu, wakati mama yao alipokwisha kufariki na wamebaki wawili. Alimfundisha kutia uzi kwa kuusikiliza kwa ncha za vidole. Ni kaka huyohuyo aliyemfundisha kila kinachohitaji vidole.

Siku moja wifi yake, mke wa kaka, alikuja na mkoba wenye zipu iliyokatika. Akasimama mlangoni.

"Wifi, hunioni?"

"Nitaachaje kukuona, na umeziba mlango kama kabati? Ingia."

Wifi aliingia, akaweka mkoba mezani, wala hakuutaja tena.

"Mume wangu siku hizi anafunga vifungo kwa macho."

"Kwa macho vipi?"

"Anavitazama. Asipovitazama, havifungiki. Juzi kikombe kimemtoka mkononi, akakikodolea macho pale chini kama kilichoangushwa na jirani. Mkono wa kulia umekufa ganzi, wifi. Hospitali hataki. Anasema daktari anaye."

"Yupi? Wa meno?"

"Si huyohuyo!"

Walicheka, kisha wakaacha kucheka kwa pamoja. Turubai alizima cherehani. Nati ya gurudumu huanzwa kwa vidole, na vidole ndivyo vinavyosikia kama imekaa sawa kwenye njia yake. Ikianza upande, spana itaikaza tu, itaonekana imeshika, halafu itakuja kuachia barabarani, gari likiwa katika mwendo wa kuruka matuta, na ndani yake watu wawili, Daktari na msoma ramani wake.

"Mtoe kwenye gurudumu," Wifi alisema. "Ila mimi sijasema kitu. Sikuja hapa. Nilileta mkoba."

"Nitamwambia kabla ya rali."

"Wewe?"

"Mimi. Ni kaka yangu."

"Ndiyo maana nimeuliza."

Alikusudia kumwambia mazoezini. Lakini mazoezini kaka alikuwa fundi yuleyule. Alipiga goti penye bomba, mkono wa kulia ukazunguka hewani, laini, bila pupa, ukaanza nati, ukafuata nyingine. Cheche alionekana kama anafukuza nzi. Mapacha walionekana kama wanakoroga uji. Kaka ndiye pekee ambaye ukimtazama ungeapa unaliona gurudumu. Turubai alimwangalia, neno likiwa limemfika kwenye ulimi, akalimeza. Ilimchukua muda kuelewa alichokuwa akikitazama: mkono uliokufa ganzi hauwezi kukosea kwenye nati ya hewa. Alipoelewa, walikuwa wamekwisha kunawa mikono na kaka anaaga.

"Kaka," alimwita.

"Naam, mdogo wangu."

"Msalimie wifi."

Rali ikaamka na mvua. Kiwanja walichopewa mafundi kilikuwa cheupe kwa ukungu, na watu wa magari mengine walionekana nusunusu, mtu kiwiliwili tu, mtu taa tu ya mkononi. Turubai alitandika turubai lake, akaagiza matairi ya matope yapangwe, kila moja mahali pake: la bomba upande wa bomba, la ngazi upande wa ngazi. Matairi ya namna hiyo yana mshale ubavuni unaoonyesha yanakopaswa kuzungukia. La kulia halifai kushoto. Yeye alijua hivyo, kila mtu alijua hivyo. Lakini asubuhi ile macho yake yalikuwa kwenye kitu kimoja tu. Kaka alikuwa ameukumbatia mkono wake wa kulia kwapani kama anayesikia baridi.

Gari lilisikika kabla ya kuonekana. Likaja hadi penye utepe wa kuingilia kiwanjani, na hapo msimamizi wa kiwanja akanyoosha mikono yote miwili. Njia ya kutokea ilikuwa imechimbika, magari yaliyotangulia yamenasa humo, na sasa kila gari lilipaswa kutokea lilikoingilia. "Geuza! Ingia kinyumenyume!"

Daktari akageuza, akaingia kwa mkia.

Ilikuwa kama kuona mtu unayemjua amevaa uso wake kisogoni. Kaka alilikimbilia bomba pale bomba lilipokuwa siku zote, na pale sasa palikuwa na gurudumu la nyuma. Pacha Mkubwa, aliyejua kwamba lake ni la nyuma kulia hata gari likianguka toka mbinguni, akalikimbilia hilohilo. Upande wa pili Cheche na Pacha Mdogo walikuwa wamekumbatiana juu ya gurudumu moja. Mbele hapakuwa na mtu.

"Bwana harusi, niachie!" Cheche alipiga kelele.

"Hili langu! Wewe ni ngazi!"

"Ngazi iko hapa!"

"Mbele!" Turubai alisema. "Mbele hakuna mtu. Cheche, mbele. Pacha Mkubwa, mbele."

Pacha Mkubwa alitaka kubisha, lakini kaka alikwisha kutoa nati za kwanza, hivyo akakimbia kwenda mbele. Daktari akafungua kioo kidogo. "Sasa najua wagonjwa wangu wanavyojisikia," alisema, akafunga.

Gari likainuka. Magurudumu yakatoka. Kila mtu akachukua tairi lililokuwa karibu naye na kulipachika. Turubai hakuangalia mshale hata mmoja. Alikuwa akimtazama kaka.

Kaka alishika nati, akaigusisha kwenye boliti, akaizungusha. Kisha akasimamisha mkono na kuutazama, kama mtu aliyemtuma mtoto dukani na sasa anasubiri arudi na jibu. Akaizungusha tena. Nati iliingia imeinamisha kichwa. Akanyoosha mkono kuchukua spana.

Turubai alikuwa amekwisha kupiga magoti kwenye matope kando yake.

"Kaka, acha."

"Inaingia."

"Haiingii. Acha, kaka yangu."

Hakumtazama. Aliweka vidole vyake juu ya vile vya kaka, vilikuwa baridi kabisa, akaviondoa kimoja kimoja kwenye nati. Akaitoa, akaifuta njia yake, akaianza upya, na vidole vikasikia ile sauti ndogo ambayo si sauti, ya chuma kukubali chuma. "Simama," alisema. "Liangalie gari. Mimi siwezi kuliona nikiwa hapa."

Kaka akasimama. Alikuwa mtu mzima katikati ya kazi bila kazi, mvua ikimnyeshea. Turubai alikaza nati ya kwanza, ya pili, machozi yakimtoka bila ya yeye kushughulika nayo. Kisha akasikia sauti ya kaka juu ya kichwa chake.

"Mishale."

"Nini?" Cheche alisema.

"Mishale ya matairi! Yote inatazama nyuma! Tumeyapanga kama uani, gari limegeuka. Toeni! Toeni yote, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Cheche, mpe Pacha Mkubwa lako. Pacha Mdogo, leta huku. Taratibu, msikimbie, tayari tumechelewa, kuchelewa vizuri ni bora kuliko kuchelewa vibaya!"

Wakatoa yote, wakayabadilisha. Gari lilishuka muda ukiwa umekwisha kupita, msimamizi akaandika adhabu, na Daktari akaondoka akiwa na nafasi mbaya zaidi ya ile aliyokuja nayo, lakini magurudumu yake yote yalikuwa yakizunguka kwa upande wake, na nati zote zilikuwa zimeshika.

Ukungu ulikuwa umeanza kupungua. Mapacha walikwenda kutafuta chai. Turubai alikaa juu ya matairi yaliyotolewa, magoti yake meusi, na kaka akaja akakaa karibu.

"Nani amekwambia? Wifi yako?"

"Wifi alileta mkoba."

"Mkoba." Kaka akacheka puani. "Mimi nimeanza kuujua huu mkono tangu msimu uliopita. Nilikuwa nasubiri uniambie."

"Na mimi nilikuwa nasubiri uache mwenyewe."

"Basi tumesubiriana vizuri. Daktari naye amesubiri na sisi." Aliuweka mkono wake wa kulia juu ya goti, akaufungua na kuufunga akiutazama. "Uliponishika vidole pale, sikukusikia. Niliona tu ni wewe."

Turubai alitaka kumwambia kwamba angeiona ile mishale mapema kama asingekuwa anamtazama yeye, na kwamba kosa la matairi lilikuwa lake mwenyewe. Akaona kaka analijua hilo pia.

"Hospitali," alisema mwishowe. "Ya watu. Si ya meno."

"Tutakwenda."

"Jumatatu."

"Nimesema tutakwenda. Umekuwa kama mke wangu."

Kwa mbali, nyuma ya miti, gari lao likasikika likirudi kutoka kipande cha pili. Cheche na mapacha walikuja mbio, vikombe mikononi. Turubai alinyanyuka, na kabla hajajua anakwenda wapi, miguu ilikuwa imempeleka kwenye kona ya bomba. Akachuchumaa. Ardhi ilikuwa karibu, na harufu ya mpira na udongo ilikuwa kali kuliko alivyowahi kuisikia akiwa amesimama. Hakuweza kuona chochote isipokuwa mahali pamoja penye matope ambapo gurudumu lingefika.

Nyuma yake kaka alitembea mara moja kulizunguka turubai, akasimama, akarudisha mikono nyuma.

"Cheche, wewe ni mbele kulia. Hata likija limelala chali, wewe ni mbele kulia."

"Sawa, mzee."

"Mdogo wangu."

"Naam, kaka."

"Umepiga goti kama mtu aliyeangusha sindano. Inamisha kichwa. Silioni gari."